Mwaka wa Vipembe vya Kilindini

Simu ilipoita nilikuwa na jicho kwenye hadubini, na mimi nikiwa na jicho kwenye hadubini sipokei simu ya mtu, hata awe mganga mfawidhi. Vijana wa maabara wamenizoea. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Nikamaliza kuhesabu vimelea vya malaria kwenye ile damu, nikaandika jibu, nikanawa mikono, ndipo nikatoka nje kuipokea. Alikuwa Mama Sifa wa Shelui. "Elipendo," alisema, "Daktari ametutoka alfajiri. Amelala tu, hakuamka." Nikamwambia pole mama, nakuja. Sikulia. Nina tabia mbaya ya kulia siku ya tatu, nikiwa nachagua mchele au nafua, mpaka majirani wanauliza nani kafa tena. Nilirudi ndani nikamwambia kijana wa zamu airudie ile slaidi yangu ya mwisho. Akanishangaa. "Si umeshaandika jibu, mama?" Nikamwambia nimeliandika, lakini sasa sijiamini, na jibu la mtu asiyejiamini halipelekwi kwa mgonjwa. Kisha nikaenda kutafuta gari la Shelui.

Ya nyumbani kwetu nayaacha, yana urefu wake na hapa hayahusiki. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, niliokaa katika nyumba ya Daktari Zefania pale Shelui nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya aibu. Mtu akiniuliza nimepata daraja gani, namuuliza kwao mvua imeanza. Mama Sifa, mke wa Daktari, aliniita kwa siku mbili nimsaidie kuchagua mbegu za mtama. Kazi yenyewe ni hii: masuke yanamwagwa kwenye turubai, unayapitia moja moja, na unatoa yale yaliyoshiba, yaliyobana, yenye sura moja. Hayo yanafungwa mafungu mafungu na kutundikwa jikoni juu ya moshi yasubiri msimu. Suke lililo katikati, si bovu wala si zuri sana, linakwenda kwenye chakula au kwa kuku. Hapo hakuna huruma. Ukichanganya la katikati na la mbegu, shamba lako mwakani litakuaibisha mbele ya majirani, na kila mwanamke wa Iramba analijua hilo kabla hajajua kusoma. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Nilikuwa nachagua huku naongea, na sikosei.

Siku ya pili Daktari alitoka barazani akipapasa ukuta. Alikuwa mzee mrefu, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na watu wa Shelui walimwita Daktari wakidhani anatibu. Hakuwa anatibu. Alikuwa msomi wa makombe ya baharini, amefanya kazi miaka mingi kwenye makumbusho huko ng'ambo, na alirudi nyumbani presha ya macho ilipoanza kumla. "Shikamoo baba," nikamwambia. "Marahaba. Mke wangu anasema una macho. Hebu niambie, ukiona masuke mawili yanayofanana, unajuaje kwamba si mbegu moja?" Nikasema naangalia tu. "Unaangalia nini?" Nikasema, kila kitu, baba. Akacheka, akaniambia ninawe mikono nimfuate ndani. Zile siku mbili ndizo zilizogeuka kuwa mwaka mzima.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, dirisha linatazama barabara kuu. Meza ilikuwa nzito, ya mninga, imewekewa blanketi la zamani juu na kitambaa cheusi juu ya blanketi. Umeme wa Shelui wakati ule haukuwa wa kuutegemea, kwa hiyo hadubini yake ilikuwa ya kioo kinachokamata jua, na kazi yetu ilikuwa ya asubuhi, kuanzia jua linapofika kwenye kizingiti cha dirisha mpaka Mama Sifa anaposonga ugali. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja kubwa. Malori yaliyotoka kushuka Mlima Sekenke, au yanayojipanga kuupanda, yalipita mbele ya dirisha yakitikisa kila kitu, na vitu vilivyokuwa mezani vilikuwa vyepesi mno. Lori likinguruma, unaacha unachokifanya, unafunika kisahani kwa viganja viwili na unasubiri lipite. Hata Mama Sifa akiwa amepita kuleta chai alikuwa anaweka kikombe chini na kufunika. Nimewahi kuona mgeni akisimulia kifo cha shangazi yake, lori likapita, na sisi watatu tukainama juu ya meza kama tunaombea chakula.

Kwenye masanduku mawili ya bati kulikuwa na vichupa, na kila kichupa kilikuwa na vitu vyeupe vidogo. Meli ya utafiti ilikuwa imevikokota kwa wavu mzito kutoka chini kabisa ya Bahari ya Hindi, na makumbusho yalimwazima Daktari avitambue, kwa mwaka mmoja, kisha avirudishe. Alinimiminia vichache kwenye kisahani cha kioo. Kimoja kilikuwa na urefu wa ukucha wangu, kingine kama pingili ya kidole. Vilipinda kidogo, vyembamba ncha moja, vipana ncha nyingine, na vilikuwa wazi huku na huku kama mrija. Nikasema ni pembe za ndama aliyezaliwa jana. "Basi tuviite vipembe," akasema. "Jina la kitabuni lina urefu wa treni." Halafu akaniambia niweke jicho.

Nimetazama kwenye hadubini maelfu ya mara tangu siku ile, lakini ile ya kwanza haijawahi kuniacha. Nilidhani nitaona kitu kidogo kimekuwa kikubwa. Badala yake niliona shamba. Kipembe kile kilikuwa na matuta kutoka nchani hadi mdomoni, yamenyooka, yamelingana, bonde kwa tuta, tuta kwa bonde, na hakuna mahali mkono ulipoteleza. Nikainua kichwa nikatazama kile kitu juu ya kisahani, nikaona chembe nyeupe tu. Nikarudisha jicho, shamba likarudi. Daktari akawa anaongea taratibu nyuma yangu. Mnyama aliyekuwa anaishi humu, alisema, anakaa kichwa chini, amejifukia kwenye tope la chini ya bahari, na ncha hii nyembamba peke yake ndiyo inabaki juu ili avute maji na kupumua. "Kule aliko hakuna mchana. Chukua Mlima Sekenke huo unaoyatesa malori, weka juu yake mingine, na mingine, ndipo ufike. Jua halijawahi kufika. Na pamoja na hayo yote, tazama alivyojijengea." Nilikuwa sijawahi kuiona bahari hata kwenye kalenda. Mwili ulinisisimka na nikaona aibu kuulizia, lakini nikauliza: kama kuna giza, hayo matuta mazuri yanaonwa na nani? "Mpaka leo asubuhi," akasema Daktari, "hakuna aliyekuwa ameyaona."

Akanifundisha kuvisoma kwa umbo. Unatazama kimepinda kiasi gani, na kimepindia wapi, karibu na ncha au katikati. Unatazama mdomo kama ni duara au una pembe pembe. Unahesabu matuta nchani, unahesabu tena mdomoni, maana huenda yakaongezeka au yakapotea njiani. Kisha unaitazama ncha yenyewe, kama ina pengo, au ufa, au kijibomba kidogo kimechomoza. Yeye alikuwa anaona vivuli tu, lakini alikuwa na namna yake. Alikiweka kipembe kwenye mdomo wa chini na kukisogeza polepole, na kwa mdomo ule aliyahesabu matuta ambayo mimi nilihitaji jua la saa nne kuyaona. Mama Sifa alikuwa anamtania kwamba anabusu mifupa ya watu asiowajua. Habari zikaenea kijijini, na siku moja mtu akatembea kutoka mbali na kuku mkononi, akitaka Daktari aangalie kwenye makombe punda wake aliyepotea yuko wapi. Daktari alimweleza nusu saa nzima kwamba haya hayapigi ramli. Yule bwana akasikiliza kwa adabu, akamwachia kuku, na wiki iliyofuata akarudi kushukuru kwamba punda kapatikana.

Chakula cha nyumba ile kilikuwa cha kawaida, ugali wa uwele, mlenda, siku nyingine maharage yenye mafuta ya alizeti, na asali kwenye kibakuli kwa ajili ya Daktari, aliyekuwa anailamba kama mtoto. Tulikula mkekani, na wao wawili wakiwa na raha waliongea Kiswahili kwa sababu yangu, ili nisijione mgeni. Wakigombana walihamia kwenye Kinyiramba, wakasahau kwamba hata mimi ndiyo lugha niliyonyonyeshwa.

Kichupa kilichotusumbua kilikuwa kimejaa kuliko vyote, na Daktari alikiacha makusudi mpaka nilipozoea. Nikakimwaga, nikakichagua siku tatu. Vikatoka vikundi viwili vizuri sana. Kimoja kilikuwa cha vipembe vidogo vyenye ncha kali na matuta. Kingine kilikuwa cha vikubwa, laini kabisa, ncha butu yenye kijibomba. Ambavyo havikukaa huku wala huku nilivitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Daktari akasikia vinagonga bati. "Kopo hilo la nini, binti?" Nikamwambia la makapi. Hakuuliza zaidi, alidhani ni vipande vilivyosagika, na mimi sikuona cha kueleza. Vile vikubwa laini alivitambua mara moja kwa mdomo wake, ni spishi inayojulikana tangu zamani. Lakini vile vidogo vya matuta alivirudia mara kumi, akanituma kitabu hiki na kile, nikamsomea Kiingereza changu cha kujikwaa, na mwisho akaweka mikono juu ya magoti. Kisha akavuta mashine yake ya taipu, aliyokuwa anaipiga bila kuona herufi, akaandika barua kwamba amepata spishi mpya. Mimi ndiye niliyeipeleka posta. Nilitembea kifua mbele.

Wiki hiyo hiyo niliwasikia jikoni. Nilikuwa nyuma ya ukuta nikianika kitambaa cheusi, na walikuwa wamehamia kwenye Kinyiramba. Mama Sifa alikuwa anasema ameituma barua mapema mno. "Mara ile uliwaambia umepata, wakakuta ni kile kile cha zamani, wakaandika kwamba macho yako yamekwisha. Haya masanduku wamekupa kwa kukuhurumia. Ukikosea na safari hii hawatakuletea hata kichupa kimoja tena, Zefania. Utakaa hapo dirishani unasikiliza malori mpaka ufe." Daktari akamjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, karibu ya kubembeleza. "Safari hii si macho yangu. Ni macho ya yule mtoto." Niliganda pale na kitambaa mkononi. Hakuna aliyewahi kuniwekea imani ya namna ile, na mimi nilikuwa mtoto wa daraja sifuri.

Baada ya hapo tukaanza michoro. Hadubini ilikuwa na kioo cha pembeni kilichotupa taswira ya kipembe kwenye karatasi ya miraba, nami nikaifuata kwa penseli, ncha juu, mdomo chini, vyote kwa kipimo kimoja. Karatasi zile zilikuwa zinaagizwa kutoka mbali na zilikuwa zimebaki chache. Kwa ubahili tu, bila hekima yoyote, nikachora kipembe kidogo cha matuta juu ya karatasi, na chini yake, nafasi iliyobaki, nikachora kikubwa laini. Nilipoinua karatasi kuipuliza, niliona mstari mmoja. Mdomo wa kile kidogo ulikuwa na upana wa miraba minne, na ncha ya kile kikubwa miraba minne. Pale mkunjo wa kidogo ulipoishia, mkunjo wa kikubwa ulianza, bila kuruka. Nikasema ni bahati. Nikachora kidogo kingine na kikubwa kingine, ikawa vile vile. Nikalivuta lile kopo la makapi na kulimwaga.

Wa katikati walikuwa humo wote. Walikuwamo wenye matuta nchani lakini laini kuanzia katikati, wenye matuta mafifu ya kubahatisha, na waliokatika ncha wakabakiwa na alama tatu nne tu. Nikawapanga kwenye kitambaa cheusi kuanzia mdogo hadi mkubwa, na pale mezani nikawa naangalia maisha ya mnyama mmoja tangu utoto hadi uzee. Anazaliwa na matuta. Anakua kuelekea mdomoni, na kadiri anavyokua anajenga laini, na ile ncha ya utotoni, ikishakuwa nyembamba mno kwake, anaiacha ikatike. Mzee hana tena hata kipande cha alichokuwa alipokuwa mdogo. Hizo spishi mbili zilikuwa moja, watoto na wazazi wao, na mimi nilikuwa nimewatenganisha kwa kuwatupa wa katikati kama mtu anayechagua mbegu. Nililia pale pale, safari hiyo sikusubiri siku ya tatu, na nusu ya kilio ilikuwa ya uzuri wa kile kitu. Nusu nyingine ilikuwa ya ile barua.

Nilinyamaza siku nne. Sijivunii. Nilivirudisha vyote koponi, nikazificha zile karatasi chini ya godoro, na nikawa naenda kazini kama kawaida. Nilijiambia kwamba hataona, na kwamba kule ng'ambo wana kazi nyingi, na kwamba yeye mwenyewe ameshafurahi, kwa nini nimuue mzee wa watu. Hoja zangu zilikuwa nzuri kweli. Jumapili tukatoka kanisani, na Mama Sifa akachinja kuku. Unajua mambo ya kuku: firigisi ni ya baba mwenye nyumba, au ya mgeni wa heshima ikibidi sana, na msichana wa kazi hana hata sababu ya kuitazama. Daktari akaipapasa kwenye bakuli, akaipata, akaiweka upande wangu wa sinia. "Hiyo ni ya macho," akasema. Mama Sifa akatazama pembeni, lakini alikuwa anatabasamu. Nakumbuka mlenda uliokuwa unapoa, na inzi mmoja, na firigisi ile ikinitazama.

"Siwezi kuila, Daktari."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekosea. Vile vidogo ni watoto wa vile vikubwa. Ni kitu kimoja. Wale wa katikati niliwatia mimi kwenye kopo."

Mama Sifa akaacha tonge mkononi. Daktari aliuliza jambo moja, nimejua lini, nikamwambia Jumatano. Akanawa mikono, akainuka, akaenda chumbani akipapasa ukuta, nami nikamfuata. Nikamwekea ule mstari mkononi, kimoja kimoja, kuanzia mdogo. Alivipitisha kwenye mdomo wa chini. Alipofika wa katikati akasimama, akarudi nyuma, akaenda mbele tena. Nje lilipita lori, tukafunika wote wawili kwa viganja, viganja vyake juu ya vyangu, na tulipoondoa nikaona amefumba macho. "Ni mmoja," alisema. "Miaka yote hii naviandika tu vikubwa. Sikuwahi kumwona anavyokua." Nilitegemea anifukuze. Alikuwa amesimama na uso wa mtu aliyesikia habari njema kanisani, na ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anastaajabu kuliko alivyokuwa anaumia. Maumivu yalikuja baadaye, niliyaona, usiku alikula kidogo. Lakini kilichotangulia kilikuwa kustaajabu.

Kisha akasema, "Lete hilo kopo. Nataka kujua umenitupia nini kingine." Nikalimwaga lote. Akawa anachukua kimoja kimoja, akivitambua na kuviweka kando, mpaka alipofika kwenye kimoja akakirudisha mdomoni mara tatu. "Hiki kina nini?" Nikatazama, nikamwambia hicho ni kilema. Kilikuwa kidogo, laini, kimevimba katikati kama nyoka aliyemeza yai, halafu kinasinyaa tena kuelekea mdomoni. Pembe haikui hivyo, hakuna ng'ombe mwenye pembe nene katikati kuliko shinani. "Viko vingapi?" Nikatafuta. Vikawa saba. "Vimevimba mahali tofauti tofauti?" Nikaviweka chini ya hadubini, nikavichora kwa kufuatana, nikapima kwa miraba. Vyote saba vilivimba mahali pale pale, juu kidogo ya katikati, na kila kimoja kilikuwa na mapengo manne nchani, mawili mapana na mawili membamba. Nikamwambia. Daktari akakaa kwenye kiti. "Binti," akasema, "vilema saba havifanani hivyo. Hao ni ukoo."

Ilituchukua miezi kuhakikisha, na safari hii hakuna kilichoandikwa kabla ya wakati. Ukoo wenyewe wa vipembe vilivyovimba ulikuwa unajulikana, nikamsomea kitabu baada ya kitabu, nikamwelezea kila mchoro kwa maneno mpaka Kiingereza changu kikaacha kujikwaa. Huyu amevimba karibu na mdomo, huyu ana mapengo mawili, huyu hana hata moja. Uji wa ulezi ulipoa mezani asubuhi nyingi. Halafu siku moja, jua likiwa limeshapita kizingiti, nikafunga kitabu cha mwisho. "Wetu hayumo," nikasema. Daktari akaitikia kwa kichwa. "Basi wewe ndiye mtu wa kwanza kumwona huyu na kujua kwamba si kilema. Leo hii, duniani kote, wanaomjua ni wawili, na mmoja haoni." Nikatazama nje. Lori la vitunguu lilikuwa limesimama, utingo anabadilisha gurudumu, kina mama wanauza mayai ya kuchemsha dirishani mwa basi, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Nilitamani kutoka nikawaambie. Nikabaki pale na kidole juu ya kisahani, nikimlinda.

Mwaka ukaisha na masanduku yakarudi. Kule ng'ambo walimkubali yule aliyevimba katikati kuwa spishi mpya, na michoro iliyochapishwa ni yangu. Macho ya Daktari yalizimika kabisa msimu wa mavuno. Alinilazimisha nirudie mtihani, kisha akanisukuma chuo cha maabara, na tangu hapo nimekula kwa jicho langu. Lakini kuna jambo moja sikuwahi kumuuliza, miaka yote niliyokuwa nakwenda kuwasalimia: aliwaandikia nini kuhusu ile barua ya kwanza? Ile ya pili aliipiga taipu mwenyewe, mlango umefungwa, na akaibandika gundi kabla hajanipa niipeleke. Nilijua alichoandika. Mtu yeyote mwenye akili angeandika hivyo, kwamba msaidizi wake alikosea, msichana wa kijijini, hana elimu. Ingekuwa kweli tupu. Nililibeba wazo hilo kama jiwe kwenye kiatu, na labda ndiyo maana mpaka leo narudisha majibu yangu yakaguliwe na watoto niliowafundisha mwenyewe.

Tulimzika, na asubuhi ya siku ya tatu, wageni wakiwa wamepungua, Mama Sifa aliniita kwenye chumba cha mbele. Meza ile ile, blanketi lile lile, limetobolewa na panya. Juu yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga, kutu imekula maandishi. "Alisema nikupe ukija peke yako," akasema. "Na wewe kila ukija unakuja na kundi la watoto." Ndani kulikuwa na vipembe viwili, kidogo chenye matuta na kikubwa laini, ambavyo makumbusho walimwachia, na chini yake nakala ya barua ya taipu, ile ya karatasi ya kaboni, imekunjwa mara nne. "Nisomee. Mimi hicho Kiingereza chenu nilikikimbia."

Nikamsomea nikitafsiri, na mwanzoni sauti yangu ilikuwa nzuri, sauti ya kazini. Ilisema hivi: "Barua yangu iliyotangulia ina kosa, na kosa hilo ni langu. Nilitangaza kabla ya kuuliza kilichokuwa kwenye kopo. Aliyeligundua ni Elipendo, anayenitazamia. Angeweza kunyamaza, na mimi nisingejua mpaka naingia kaburini. Hakunyamaza. Kwa hiyo naomba chochote kitakachotoka kwenye meza hii kuanzia leo mkiamini kuliko mlivyokuwa mkiniamini mimi."

Nilifika hapo nikashindwa. Mama Sifa hakunibembeleza, alinijua, alisema tu, "Nilijua leo ndiyo siku yako." Nikalia hadi kifua kikauma, mwanamke mzima mwenye wajukuu, karatasi imelowa mkononi. Na katikati ya kilio hicho likaja lori kutoka upande wa Sekenke, dirisha likaanza kutetemeka. Hatukutazamana. Tuliinama wote wawili, tukaweka viganja vyetu juu ya kopo, vyake juu ya vyangu, na tukasubiri lipite.